Betri Mbili za Nyumba ya Wanasesere

Nilizitoa mimi zile betri. Nimeiandika sentensi hiyo kwa urahisi unaonishangaza, maana kwa miaka inayokaribia arobaini nimelikana jambo hilo mbele ya babu yangu, mbele ya baba yangu, mbele ya padre aliyeniandaa kwa Komunyo ya Kwanza, na hata mbele ya mume wangu, ambaye hakuwa amenishtaki kwa lolote. Aliuliza tu kwa nini sipendi redio. Nimesoma mpaka chuo kikuu. Nimewafundisha watu wazima tofauti kati ya ushahidi na maoni, na nimeandika makala mbili tatu kuhusu kusema ukweli, nikapongezwa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, yenye kona nyingi na mahali pazuri pa kupumzikia.

Harufu inayonirudisha kwenye msimu ule ni ya maganda ya kahawa. Kijijini kwetu, kwenye milima ya Mbinga, mwezi wa sita ni mwezi wa baridi na wa kuchuma. Kahawa mbivu hukobolewa kwa mashine ya mkono, punje zikaenda kwenye maji, na yale maganda mekundu yakarundikwa nyuma ya nyumba. Baada ya siku mbili huanza kuchacha, yakatoa harufu tamu na nzito kama ya pombe iliyosahauliwa, ikaingia kwenye mablanketi, kwenye uji, kwenye madaftari ya shule. Karibu na rundo hilo palikuwa na stoo ya kahawa ya Babu, kijumba cha matofali kisicho na dirisha hata moja. Ukifunga mlango saa sita mchana, ndani palikuwa giza la kutosha kukufanya usione mkono wako. Nilikuwa na miaka tisa na pengo la jino moja la mbele, na kwenye kona ya stoo ile, nyuma ya magunia matupu, nilikuwa najenga nyumba ya wanasesere itakayokuwa na taa.

Aliyenifundisha kujenga alikuwa kaka yake Bibi. Bibi alikuwa Mnyasa wa Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, binti wa Kianglikana aliyepanda mlima kuolewa na Mmatengo Mkatoliki, jambo ambalo ndugu zake walilipokea kama msiba. Kati yao wote mmoja tu ndiye aliyekuja harusini, tena alikuja na mlango mgongoni. Alikuwa seremala, alisema dada yake asiingie kwenye nyumba yenye mlango wa mtu asiyemjua. Mlango huo ndio uliokuwa mbele ya nyumba ya Babu, na yeye tulimwita Babu Fundi. Kila Desemba Bibi aliteremka nami Liuli kumsalimia, tukala usipa, dagaa wa ziwani, na ugali wa muhogo, na jioni mimi nikasimama njiani kutazama madirisha ya hospitali ya misheni yakiwaka. Kwetu hakukuwa na umeme. Niliona madirisha yale kuwa kitu kizuri kuliko ziwa lenyewe, na ziwa lilikuwa pale pale mgongoni kwangu, likidharauliwa.

Babu Fundi hakunicheka. Alinikalisha juu ya mbao zake akanipa masharti, ambayo mpaka leo sijaona kitabu cha ufundi kinachoyashinda. La kwanza: mpime anayehamia kabla hujaipima nyumba. Wanasesere wangu walikuwa magunzi ya mahindi yenye nywele zao wenyewe, kwa hiyo mlango ulipaswa kumzidi gunzi mrefu kuliko wote kwa vidole viwili. Ukijenga kwa macho, utapata nyumba ambayo mama mwenye nyumba anaingia amelala. La pili: upande wa nyuma uache wazi, mkono wako upate kuingia, kwani nyumba usiyoifikia ndani utaivunja siku ya kwanza ya kuitengeneza. La tatu: waya hupita kabla ya udongo, si baada yake. La nne alilitaja akiwa anapiga randa, bila kuninyanyulia macho: globu usiionyeshe. Ifiche nyuma ya kitu. Mgeni aone mwanga, asiione taa. Kisha akaahidi kwamba mwezi wa nane, kwenye Komunyo yangu, atapanda mlima kuja kuikagua nyumba mwenyewe, na akiikuta mbovu ataisema mbele ya padre.

Basi nilijenga kama mtu anayesubiri mkaguzi wa serikali. Sakafu ilikuwa boksi la sabuni. Kuta nilizitengeneza kwa mabua ya mahindi yaliyomenywa, nikayaunga kwa miiba ya mlimau, kisha nikayapaka udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu. Udongo mtupu hupasuka ukikauka, majivu huutuliza. Madirishani niliweka karatasi ya daftari niliyoipaka mafuta ya kula, maana karatasi yenye mafuta hupitisha mwanga bila kuonyesha yaliyomo ndani. Globu ilitoka kwenye tochi ya baba iliyokanyagwa na ng'ombe, na waya ulitoka kwenye dainamo ya baiskeli isiyokuwa na magurudumu. Swichi ilikuwa kipande cha bati la kopo: ukikibana kinagusa, ukikiachia kinaachana. Betri mbili kubwa zililala ndani ya mwanzi uliopasuliwa, kichwa cha moja kikigusa makalio ya nyingine, na nyuma ya globu nilibandika karatasi ya kung'aa ya pakiti ya majani ya chai ili mwanga usipotelee ukutani. Kilichokosekana kilikuwa kimoja tu, nacho ni betri zenye uhai.

Kwetu betri haikutupwa. Ikichoka ilianikwa juani pamoja na kahawa, juu ya vichanja, ipate nguvu ya siku mbili tatu. Ikichoka tena iliumwa meno pembeni, ikatoa pumzi ya mwisho. Nilizichukua mbili kutoka kichanjani, nikaziuma, nikaziweka. Globu ikawa nyekundu kama kijinga cha moto kilichomwagiwa maji, kisha ikafa. Niliziuma tena. Hakuna kitu. Na chumbani kwa Babu, juu ya kitambaa cha kufuma, ilikaa redio yenye betri nne mpya.

Redio ile haikuwa ya starehe. Ilifunguliwa mara moja kwa siku, mchana, kwa taarifa ya habari na matangazo ya vifo yaliyofuata. Wakati huo simu ilikuwa mbali na barua ilikuwa na hiari yake. Mtu akifa Songea, au ziwani, au Dar es Salaam, ndugu walipeleka jina redioni na nchi nzima ikanyamaza kusikiliza kama ni wa kwao. Babu alikaa wima, Bibi akakaa karibu na mlango wa kaka yake, na jina lisipotajwa walishusha pumzi, redio ikafungwa. Mtu aliyeivunja sheria hiyo alikuwa mmoja, Baba mdogo Oswini, mdogo wake baba, kijana wa miaka ishirini aliyekuwa akisubiri kuanza chuo cha ualimu mwezi wa saba. Alipenda mpira kama wengine wanavyopenda pombe, kwa kujificha na kwa majuto. Aliwahi kukamatwa mara mbili sikio likiwa limegandamana na redio.

Jumanne moja, wote wakiwa shambani kuchuma, niliingia chumbani. Nilitoa betri mbili mpya nikaweka zile mbili kuukuu, na nilijiambia ni kwa siku hiyo moja tu. Nilifunga mlango wa stoo, nikabana bati. Sijui namna ya kulieleza jambo lililotokea bila kulipamba. Madirisha ya karatasi yaliwaka. Gunzi lililokuwa mama lilitupa kivuli ukutani, kivuli cha mtu kabisa. Globu haikuonekana. Nilikaa pale nikinusa kahawa na udongo mbichi, nikaona Liuli yote, na sikuwa na haraka ya kurudisha kitu chochote kwa mtu yeyote.

Jumatano mchana redio ilikoroma kama mgonjwa wa kifua, ikakata. Babu aliipiga kofi, akaisogeza dirishani, akasema betri za siku hizi ni maji matupu. Mpya zitatafutwa Mbinga mjini Jumamosi. Hapo ndipo ningeweza kuzirudisha. Nilipiga hesabu zangu za kitoto: nikizirudisha zile nzima, redio itafufuka, na Babu atauliza imefufukaje. Nikaona ni salama zaidi kunyamaza, hesabu ambayo tangu hapo nimekuta hata wakubwa wenye ofisi wakiipiga. Alhamisi na Ijumaa, saa ile ya matangazo, nyumba ya Babu ilikaa kimya, nami nilikuwa stoo, nikiwaamkia magunzi yangu shikamoo kwenye mwanga.

Jumamosi asubuhi alikuja katekista, aliyekuwa ametoka Litumbandyosi kumwona mgonjwa. Alimkuta Bibi akiosha kahawa, akavua kofia, akampa pole ya msiba wa kaka. Bibi hakuelewa. Alimuuliza kaka yupi. Katekista akatazama huku na huku, akaona hakuna nguo nyeusi, hakuna moto uani, hakuna waombolezaji, akaikunja kofia mikononi.

"Yule seremala, mama. Tulisikia redioni siku tatu," akasema. "Jina lako limetajwa. Tulijua umeshateremka."

"Amezikwa lini?"

"Jana."

Bibi aliyakung'uta maji ya kahawa mikononi mwake, tone kwa tone, kama mtu aliye na muda mwingi. Hakulia. Alikwenda kwenye ule mlango, akaushika kwa viganja vyote viwili, akaegemeza paji la uso. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya vichanja na swichi ya bati mkononi. Siku hiyohiyo aliondoka na lori la mahindi lililoteremka kupitia Tingi, akarudi baada ya juma moja akiwa amepungua. Baba alimuuliza walimpokeaje. Alisema walimpa kiti, kama mgeni. Kwa watu wa kwao, dada humwagia kaka udongo wa kwanza, nao walikuwa wamesimama kaburini wakimsubiri mpaka mchungaji akasema jua linazama. Walichoelewa ni kwamba ameolewa, ameshiba kahawa, amewasahau. Hakukuwa na kesi. Kilikuwa kiti tu, na kila mtu akaendelea na kazi zake.

Wakati Bibi yuko ziwani niliivunja nyumba. Kuta nilizitupa kwenye maganda ya kahawa, magunzi nikayachoma, na betri mbili nzima nikazifukia shambani ndani ya shimo la ngoro, yale mashimo tunayolimia mteremkoni, chini kabisa ya majani yanayooza. Nilidhani nimemaliza. Lakini Jumapili Bibi aliporudi, Babu aliita sengu, kile kikao cha Kimatengo ambacho wanaume wa ukoo hula pamoja kwa mzee wao na mambo ya nyumba yote huamuliwa hapo kabla mikono haijakauka. Sisi watoto ndio tuliokuwa tunaleta maji ya kunawa. Nilizunguka na beseni, na nilipofika kwa Babu nikaona ameziweka betri nne juu ya mkeka, mbele ya ugali.

"Redio hii haikufa yenyewe," alisema. "Nani aliigusa?"

Alimuuliza mmoja mmoja, kuanzia wakubwa. Betri zilipita mkono kwa mkono. Mzee mmoja, binamu wa Babu, alizigeuza karibu na macho, akasema hizi zimeumwa; tazameni, meno. Nikafunga mdomo. Zile mbili kuukuu nilikuwa nimeziuma mimi, na meno yangu yalikuwa na pengo, na pengo lile niliona kwamba limechorwa kwenye bati la betri kama sahihi. Babu akanigeukia.

"Kandida. Umeingia chumbani kwangu?"

"Sijui, Babu," nilisema bila kutenganisha midomo, jibu la kijinga, kwa sababu mtu anajua kama ameingia chumbani au hakuingia. Nilikuwa nafikiria gauni jeupe la Komunyo lililokuwa limekwisha kushonwa. Nilikuwa nafikiria kwamba Babu Fundi amekufa na hatakuja kuikagua nyumba. Yote mawili kwa pamoja, na kwa aibu yangu, gauni lilitangulia. Babu alifungua mdomo kuniuliza mara ya pili. Kabla hajasema, Baba mdogo Oswini alinitazama, kisha akatazama mkeka.

"Niliziuma mimi, Baba," alisema. "Ni mimi."

Kikao kikaamua, na kwa kipimo cha sengu kiliamua kwa upole: Oswini ateremke Liuli na mbuzi, aombe radhi kwa niaba ya ukoo, akae msimu mmoja akimfanyia kazi mjane wa marehemu, aliyeachwa na paa lililoezuliwa nusu. Msimu ni msimu, lakini chuo cha ualimu hakikusubiri. Aliondoka na nguo zake kwenye mfuko wa mbolea. Alimaliza paa, akamalizia kitanda cha mteja ambacho marehemu alikiacha njiani, akachukua randa ya marehemu, akabaki. Akaoa huko. Alizeeka huko, seremala wa madirisha na majeneza, mtu aliyetaka kufundisha Hesabu.

Nami nikavaa gauni. Kwenye kitubio nilimwambia padre kwamba nimelamba sukari.

Mimi nilijipatia dawa ya kulala: nilijua kwamba Baba mdogo anajua. Alinitazama, akaliona pengo, akaubeba msalaba wangu kwa mapenzi. Siri ya mtungi muulize kata, na sisi wawili tulikuwa mtungi na kata. Kila mara nilipoonana naye misibani alinipa mkono, akaniuliza habari za masomo, na mimi nikasoma msamaha kwenye kila mkunjo wa uso wake. Nilimpenda sana kwa wema huo. Sikuwahi kumuuliza kama aliutenda.

Mwezi uliopita binti wa mdogo wangu, mwenye miaka minane, aliletwa kwangu likizo akiwa na kazi ya shule: ajenge nyumba ndogo yenye taa. Tulikaa mezani. Siku hizi taa ya namna hiyo ni punje inayolingana na ya mchele, haipati moto, na inawaka kwa betri bapa kama kifungo cha shati. Na hapa niseme kwa mzazi yeyote anayesoma: betri hizo bapa zifungie kwa gundi na utepe na uhesabu zilizobaki, maana mtoto mdogo akimeza moja inamchoma koo kwa ndani, na hiyo si hadithi ya kutishia. Mengine hayajabadilika. Tulipima wanasesere kwanza. Tuliacha mgongo wazi. Waya tuliupitisha kabla ya rangi. Karatasi ya mafuta bado inashinda plastiki. Binti aliibandika taa katikati ya dari, pakawa kama kituo cha polisi; nikamwambia aifiche nyuma ya kabati, mgeni aone mwanga, asiione taa. Akauliza nani kasema. Nilitaka kumtaja Babu Fundi, badala yake nikampa gundi.

Wakati huohuo simu yangu ilikuwa ikilia mezani, kundi la ukoo likitangaza msiba wa mtu nisiyemjua vizuri, na picha ya mshumaa, na rambirambi arobaini kabla mwili haujapoa. Leo haiwezekani kumzika mtu bila dada yake kujua. Ili asijue itabidi ajifiche mwenyewe. Nilifikiri jinsi mtoto wa miaka tisa alivyoweza, kwa mikono miwili na betri mbili kuukuu, kuzima habari ya kifo kwa nyumba nzima. Bibi alikufa akiamini ni mpira uliomnyima udongo wa kaka yake. Babu naye, na baba. Aliyebaki ni mmoja. Binti alibana swichi, madirisha yakawaka, nami nikatoka barazani na simu.

"Shikamoo, Baba mdogo."

"Marahaba, mama. Kuna msiba?"

Nilimwambia hakuna, kisha nikaeleza yote, kuanzia globu ya tochi. Nilieleza vibaya, nikirudia, kama mwanafunzi ambaye hakusoma. Nilipofika kwenye sengu nilimshukuru. Nilisema sitasahau alivyoyaona meno yangu akasema ni yake.

Upande wa pili kulikuwa na randa ikipita juu ya mbao. Ikasimama.

"Meno yapi?"

"Kwenye betri, Baba mdogo. Ulisema uliziuma wewe ili kunikinga."

"Niliziuma mimi," alisema polepole. "Alhamisi jioni. Zote nne. Nilitaka kusikia matokeo." Akaiweka randa chini. "Jumapili ya kabla ya hapo nilikuwa nimesikiliza mpira mpaka nusu ya kwanza. Roho ikanisuta, nikaifunga redio. Nilipomwona Bibi yako kwenye ule mlango, nikajua ni ile nusu ya kwanza iliyozimaliza."

Niliketi chini, kwenye ngazi. Kumbe alinitazama pale sengu kama mtu anavyomtazama yeyote aliye mbele yake kabla ya kuungama. Hakunibebea kitu. Alikuwa amebeba cha kwake, kisichokuwa chake, kwa paa, kwa randa, kwa miaka yote ile, huku mimi nikimpenda kwa wema ambao niliubuni mwenyewe.

"Kwa hiyo," alisema, "nusu ya pili ningeisikiliza tu."

Sikujua kama nicheke. Nikaanza kuomba msamaha, akanikata.

"Subiri. Hiyo nyumba yako. Iliwaka?"

"Iliwaka."

"Globu uliificha?"

"Niliificha, Baba mdogo. Haikuonekana."

Nilisikia akipuliza vumbi la mbao, au akipumua tu, sikuweza kutofautisha.

"Basi marehemu angeridhika," alisema. "Mimi bado. Msamaha wa simu siupokei, Kandida. Utateremka Liuli, tutakwenda kaburini na watoto wake wote, utayasema haya wewe kwa mdomo wako, na udongo wa Bibi yako utaumwaga wewe. Jumamosi."

"Jumamosi nitafika."

"Na uje na betri nne," alisema. "Mpya." Akakata.